Chingamu ya nikotini: maoni ya dereva wa tuktuk aliyeacha sigara Mombasa

Bidhaa ninayoizungumzia ni chingamu ya nikotini, nguvu ya miligramu 4, ladha ya minti. Inauzwa kwenye kemisti kadhaa za hapa Mombasa na watu wengi hawajui hata kama ipo. Mimi nimeitumia na sigara nimeiacha. Tangu hapo, nikiegesha tuktuk Mwembe Tayari sikosi mtu wa kuniuliza: "Ami, ile bazoka yako inafanya kazi kweli, ama ni watu wanakula pesa zako?" Kueleza nusunusu huku abiria wananisubiri hakumsaidii mtu, kwa hiyo naandika yote hapa kwa urefu. Anayetaka kununua ajue ananunua nini, na zaidi ajue inavyotafunwa, maana ukiitafuna ovyo utapoteza pesa, utarudi kwenye sigara, na utaanza kutangaza mtaani kwamba dawa ni ya uongo.

Inafanya kazi. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia nitaieleza mbele.

Nianze na dukani. Kemisti ya kwanza niliyoingia, kijana wa kaunta alisikia neno nikotini, akageuka, akaniwekea boksi la miligramu 2, akataja bei. Hakuniuliza navuta kiasi gani wala kama nina presha. Niliondoka bila kununua, na jina la duka silitaji. La pili, upande wa Digo Road, nilimkuta dada mfamasia aliyeanza na swali ambalo sikulitarajia.

"Baba, ukiamka asubuhi, sigara ya kwanza unaivuta baada ya muda gani?"

"Hapo hapo kitandani, binti yangu. Kabla sijanawa uso."

"Kwa hiyo haifiki nusu saa."

"Haifiki hata dakika tano."

"Basi yako ni ya miligramu nne. Ya miligramu mbili ni ya yule anayeweza kukaa nusu saa na zaidi bila kuwasha. Nikikupa ya mbili haitakushika, na jioni utakuwa kibandani kutafuta fegi."

Swali hilo ndilo kipimo chenyewe. Usiku kucha umelala, nikotini imekuwa ikishuka mwilini. Anayeamka na kuvuta papo hapo, mwili wake umeshazoea sana na unadai. Anayeweza kunywa chai, kuoga, kupeleka watoto shule ndipo akumbuke sigara, huyo amefungwa kwa kamba nyembamba kidogo. Idadi ya sigara kwa siku haisemi yote. Nawajua watu wanaovuta chache tu, lakini ya alfajiri hawaikosi hata mvua inyeshe.

Akaniuliza pia kuhusu moyo, presha, vidonda vya tumbo na meno ya bandia. Ya moyo ni kwa sababu nikotini yenyewe hupandisha mapigo na presha, na mtu aliyepata mshtuko wa moyo karibuni lazima aonane na daktari kwanza. Ya meno ni kwa sababu chingamu hii ni ngumu, inanata, na yaweza kung'oa meno ya kubandika. Mja mzito pia asinunue kwa kuambiwa na jirani, aende kliniki. Dada yule alichukua muda mfupi tu kuniuliza hayo yote, na nyuma yangu kulikuwa na foleni. Kwa hiyo inawezekana.

Sasa kutafuna, na hapa naomba usome polepole.

Jina chingamu ndilo linalowapoteza watu. Hii haitafunwi mfululizo. Nikotini imeshikiliwa ndani ya utomvu maalumu, na kila ukiuma inatoka kidogo. Inatakiwa iingie mwilini kupitia ngozi laini ya ndani ya shavu. Ikimezwa na mate inakwenda tumboni, kisha kwenye ini, na ini huivunja sehemu kubwa kabla haijafika kokote. Hivyo unauma polepole mara chache mpaka uhisi mwasho, kama pilipili manga imekugusa ulimi. Ukiuhisi, acha. Kisukume kipande pembeni, katikati ya shavu na fizi, ukiache hapo kitulie. Mwasho ukipungua baada ya dakika moja hivi, uma tena kidogo, kisha kihamishie shavu la pili. Kipande kimoja kinachukua kama nusu saa. Ukikiuma na mwasho hauji tena, kimekwisha, kifunge kwenye karatasi ukitupe.

Ladha ya minti iko mwanzoni tu. Baada yake unakuja ukali kwenye koo, na mtu ambaye hakuambiwa atadhani amepewa kitu kilichoharibika. Hakijaharibika, ndivyo kilivyo. Mimi niliuzoea upesi, tena nikaja kuupenda, kwa sababu ule mkwaruzo wa koo ndio ambao mvutaji huutafuta kwenye moshi bila kujua kwamba anautafuta.

Mwenzangu mmoja wa steji niliyempa kipande aliking'ang'ania kama muguka, akakisaga mfululizo huku akimeza mate. Kabla hajafika Makupa na abiria wake kwikwi ilimshika, kisha kiungulia, kisha kichefuchefu. Alirudi akiniambia nimempa sumu. Nilimkalisha, nikamweleza hayo niliyoyaandika hapo juu, na siku nyingine akajaribu tena vizuri. Kwikwi haikuja. Wanaotafuna muguka na miraa wanahitaji onyo hili kuliko wengine wote, kwa sababu taya limezoea kazi na mkono umezoea kuongeza. Na kwa Mombasa yetu muguka na sigara ni chanda na pete. Anayetafuna usiku anavuta maradufu, na akitaka kuacha sigara huku kikao cha muguka kiko pale pale, chingamu hii ina kazi kubwa sana mbele yake.

Jambo la pili ambalo boksi limeliandika kwa herufi ndogo mno, na kwetu sisi lingefaa liandikwe ukutani: usile wala kunywa kitu chenye asidi robo saa kabla ya kuitia mdomoni, wala wakati iko mdomoni. Asidi huzuia nikotini isipite kwenye shavu. Unatafuna, unahisi ladha, lakini hakuna kinachoingia, na hamu ya sigara iko vile vile.

Haya, hesabu sasa vitu vya Mombasa vyenye asidi. Kahawa tungu, ile ya dele, inayopita na jiko la makaa na kugongwa vikombe. Soda. Sharubati ya ukwaju. Juisi ya ndimu, ya pasheni, ya chungwa. Viazi karai na ile chatne yake ya ukwaju. Achari. Embe mbichi ya chumvi na pilipili pale Mama Ngina. Mabuyu. Siku nzima ya mtu wa Mombasa iko kwenye orodha hiyo! Na kahawa ndiyo mbaya zaidi kwa mvutaji, kwa sababu kahawa tungu ndiyo inayoita sigara. Unakaa barazani baada ya Isha, kikombe cha kwanza, kashata mkononi, mwenzako anawasha, na mwili wako wote unainuka. Unachomoa chingamu ujiokoe, nayo kwa sababu ya kahawa iliyo mdomoni haikuokoi.

Nilichofanya mimi ni kugeuza utaratibu. Kipande kwanza, ninapotoka msikitini, na nikae nacho shavuni mpaka kiishe. Baada ya hapo ndipo ninywe kahawa, nikiwa tayari nimeshiba nikotini. Kama kahawa imeshanipita mdomoni, nasukutua kwa maji na kusubiri robo saa. Kwa utaratibu huo baraza sikuihama na marafiki sikuwapoteza, na hilo kwangu ni kubwa, kwa sababu wapo watu wanaowaambia wavutaji kwamba lazima wakimbie kila wanayemjua. Mimi wenzangu nimekaa nao miaka. Ningekwenda wapi?

Asili ya dawa hii nayo inapendeza, hasa kwa watu wa bandari kama sisi. Mwaka 1967 Msweden mmoja, Claes Lundgren, aliona kwamba mabaharia wa nyambizi na marubani, ambao hawawezi kuvuta wakiwa kazini, walikuwa wakitumia tumbaku ya mdomoni ili kuishinda hamu. Akamwandikia mkemia Ove Fernö, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya dawa iitwayo Leo huko Uswidi: kama nikotini ya mdomoni inatosha kumtuliza baharia, kwa nini isitengenezwe safi, bila tumbaku? Kazi hiyo ilizaa chingamu ya kwanza, iliyoingia sokoni Uswisi mwaka 1978. Kwa hiyo hiki si kitu cha juzi wala mtindo wa mitandao. Shirika la Afya Duniani liliiweka chingamu na kibandiko cha nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009.

Watu wa dini na wazazi huniuliza swali la haki kabisa: kama nikotini ndiyo inayomfunga mtu, kumpa nikotini nyingine ni kumfungua ama kumfunga upya? Nikotini ndiyo inayofunga, ni kweli. Lakini inayoua zaidi ni takataka inayosafiri nayo. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na kadiri ya 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Una lami inayogandamana kwenye mapafu. Una gesi ya kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, ambayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, hivyo damu inazunguka ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Chingamu haina moshi, lami wala gesi hiyo. Na kuna jambo la kasi: nikotini ya sigara hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu, kumi au zaidi kidogo, na kasi hiyo ndiyo inayoufunza ubongo kuililia. Ya chingamu inapanda taratibu, dakika 20 mpaka 30. Inatuliza bila kuleta ule mruko. Ndiyo maana watu wengi hupunguza chingamu hatua kwa hatua mpaka wakaiacha, kazi ambayo kwa sigara iliwashinda.

Hamu yenyewe ikija haikai. Dakika chache inapita, uvute usivute. Wiki ya kwanza ndiyo kali, na mke wangu ni shahidi wa ukali huo. Usingizi unakatika, hasira iko karibu, tumbo linataka kula kila saa. Kufikia wiki ya tatu, ya nne, arosto hiyo imelegea sana. Chingamu haiifuti, inaikata makali. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba dawa za nikotini za aina hii huongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60 ukilinganisha na mtu asiyetumia chochote. Si muujiza. Wapo watakaoitumia na bado wakashindwa, na wanaweza kuanza tena.

Niseme kwa nini nilikwenda kuitafuta.

Mjomba wangu anaishi Kibokoni, Mji wa Kale. Alikuwa muadhini, sauti yake ikitoka pale hata wavuvi walio majini wanaisikia, hivyo ndivyo tulivyoambiana tukiwa watoto. Amevuta tangu ujana wake. Leo amekaa kitandani karibu na dirisha, mpira mwembamba umepita nyuma ya masikio yake na kuingia puani, na umeshamchimbia mstari kila shavu. Mpira unatoka kwenye mashine ya oksijeni iliyo chini ya kitanda, inavuma mchana na usiku. Mapafu yake yameharibika. Daktari alitueleza kwamba ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vidogo vya hewa, na moshi wa miaka mingi umevipasua. Vilivyokufa havioti tena. Suratul Fatiha anaisoma kwa vituo. Aya moja, anapumua. Aya nyingine, anapumua. Ukimsalimia anakuitikia kwa kichwa kwanza, sauti inafuata.

Mashine hiyo inatumia stima. Nyumba ile nambari ya tokeni haikosekani kwenye simu ya kila mmoja, na hata watoto wanajua kusoma mita. Stima ikikatika mtaa mzima, wengine wanalalamikia televisheni na friji. Pale kwa mjomba binamu yangu anaruka kufungua mtungi wa akiba, na mtu mwingine anaanza kuuliza majirani wa mitaa mingine kama kwao umeme upo. Mtungi una mwisho. Nimekaa gizani pale nikisikia mtungi unavyotoa hewa na mjomba akihesabu tasbihi kwa vidole kwa sababu hana pumzi ya kuitamka. Na jikoni hawapiki karibu na chumba chake, kwa sababu oksijeni na moto havikai pamoja. Mgeni mwenye sigara anasimamishwa uani.

Ugonjwa huo sababu yake kubwa duniani ni sigara. Watu wakisikia madhara ya sigara wanafikiria saratani ya mapafu peke yake, na saratani ya mapafu kweli ipo, ya koo ipo, ya mdomo, ya kibofu. Lakini ziko nyingine zinazokuja polepole, ambazo mtu huishi nazo miaka mingi akiwa si mzima: mapafu kama ya mjomba, mishipa ya miguu kuziba mpaka kidole kinakuwa cheusi na kukatwa, hasa kwa mwenye sukari. Kiharusi. Mtoto wa jicho. Kifua kikuu humpata mvutaji kwa urahisi zaidi. Wanaume wenzangu, na nguvu za kiume pia, kwa sababu ni mishipa ile ile ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kwa mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wenyewe, walipumua moshi wa wengine. Kati ya wanaoendelea kuvuta bila kuacha, hadi nusu huuawa nayo.

Na upande wa pili wa hesabu hiyo ndio ulionipa nguvu. Mwili hausubiri. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo na presha vinaanza kushuka. Baada ya saa 12, ile gesi ya kaboni monoksaidi imerudi kiwango cha kawaida. Kati ya wiki 2 na 12 damu inazunguka vizuri zaidi na mapafu yanafanya kazi zaidi. Mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo imepungua hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji. Miaka 10, hatari ya saratani ya mapafu ni karibu nusu. Mimi kwa upande wangu nilianza kuona kwenye ngazi: tunakaa Tononoka, ghorofa ya tatu, na mtungi wa gesi naupandisha mimi. Zamani nilisimama kila ghorofa na kujifanya natafuta ufunguo. Sasa naupandisha moja kwa moja. Na pua imefunguka! Pilau ya jirani naijua kama imetiwa mdalasini zaidi ya iliki kabla sijafika mlangoni.

Kikohozi kilizidi kidogo mwanzoni, wasiogope watu. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu, na moshi ulikuwa umevilaza. Vinapoamka vinaanza kufagia, basi unakohoa.

Sasa pesa, na hapa ndipo nyota yangu ilipobaki. Boksi la vipande 30 lilinitoka zaidi ya shilingi elfu moja, na bei zinapishana sana duka kwa duka, kwa hiyo uliza kwanza. Sigara nilikuwa nikinunua mojamoja kibandani kwa shilingi 20, paketi nzima kwa siku, maana yake shilingi 400. (Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inataka pakiti isiyopungua sigara 10, lakini nani asiyejua kwamba mojamoja zinauzwa kila kona, na kwa watoto pia?) Siku za mwanzo unatafuna kipande kila saa moja au mbili. Piga hesabu: boksi haliendi mbali, na wiki hizo hutaokoa hata senti. Anayekwambia utaanza kuokoa pesa kesho anakudanganya. Nafuu inakuja baadaye. Utaratibu wa boksi ni wiki 6 za kipande kila saa 1 au 2, kisha wiki 3 za kila saa 2 hadi 4, kisha wiki 3 za kila saa 4 hadi 8, halafu basi. Kila hatua pesa inapungua, na mwisho inabaki mfukoni yote.

Lakini tatizo ni la yule asiyeweza kutoa elfu moja kwa mkupuo. Msukuma mkokoteni wa Marikiti anapata shilingi 20 ya sigara wakati wowote. Elfu moja ya boksi hana. Kitu kinachomuua anakipata kwa reja reja, kinachomponya lazima akinunue kwa boksi. Hilo linaniudhi kwelikweli, na ningependa kuona dawa hii ikitolewa kwenye zahanati za serikali kwa bei ya mtu wa kawaida. Mpaka siku hiyo, nyota nne.

Vitu vingine nilivyovijua njiani. Kibandiko cha nikotini, kile cha kubandika mkononi, kinafanya kazi vizuri, tena kibandiko na chingamu kwa pamoja hushinda kimoja peke yake. Mwenzangu mmoja alitumia kibandiko wakati wa kaskazi, ndani ya tuktuk, jasho likimtoka, kikawa kinambanduka kingoni. Alikuja kujua kwamba akibandike alfajiri baada ya kuoga na kujikausha vizuri, sehemu isiyo na nywele. Kwa anayefanya kazi ofisini penye AC naona ndicho kizuri zaidi. Vipo pia vidonge vya daktari, lakini hivyo sikuvitumia na sivisemei.

Shisha si njia ya kuacha sigara. Nalisema hili kwa vijana wa Mombasa, ambao wananiambia ati maji yanasafisha moshi. Kikao cha saa moja cha shisha humfanya mtu avute moshi mara 100 hadi 200 kwa ujazo kuliko sigara moja. Serikali iliipiga marufuku Desemba 2017, na bado tunajua inapatikana wapi.

Ramadhani. Wengi wetu hufunga sigara mchana kutwa mwezi mzima, jambo linaloonyesha kwamba uwezo upo, kisha futari ikipita tunavuta za mchana na za usiku pamoja. Chingamu mchana huwezi, kwani kuna kinachomezwa na saumu inaharibika. Itumie baada ya kufuturu, ukianza na maji na tende, uache juisi ya ukwaju mpaka kipande kiishe, na kabla ya imsaki. Kuhusu kibandiko mchana wa saumu, muulize sheikh wako.

Ukitaka mtu wa kuzungumza naye, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana nambari ya simu ya bure, 1192. Si lazima uwe mlevi ndipo upige.

Na ukifika kaunta: taja wewe mwenyewe sigara yako ya kwanza huivuta muda gani baada ya kuamka, kama hawakuulizi. Soma miligramu kwenye boksi. Angalia tarehe ya kuisha muda, kwa sababu bidhaa hii haiuziki kwa kasi na yaweza kuwa imekaa rafuni muda mrefu. Hakikisha karatasi ya kila kipande haijatoboka. Ukifika nyumbani, iweke juu, mbali na watoto, kwa sababu kwa macho yao hiyo ni peremende ya minti, na nikotini ya kipande kimoja yaweza kumdhuru mtoto mdogo vibaya. Mimi yangu iko kwenye kikasha cha tuktuk chenye kufuli, pamoja na stika ya bima.